Vifaa vya klabu ya joging anakodisha mmoja, namba za mbio za bure kamati inataka kujigawia. Nyie kwenu mnafanyaje?

katibu_kaptura

Wakuu habari za asubuhi, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu maana kikao ni Jumamosi na mpaka sasa sijui nitafungua vipi mdomo.

Mimi ni katibu wa klabu ya joging huku Temeke, jina nalihifadhi. Kwenye daftari tupo kama themanini ila wanaolipa ada bila kukumbushwa nawajua wote kwa majina. Tunakimbia kila Jumamosi alfajiri, na wanaojua joging za Dar wanajua mchezo ulivyo, klabu ikikualika bonanza ukaenda ukanywa supu yao basi na wewe siku yako ikifika lazima uwaalike, uweke supu, maji, muziki, zawadi za kuvuta kamba na kukimbiza kuku. Kukodi maturubai na spika kila mara kulikuwa kunatumaliza, tukachangishana weee mpaka tukanunua vya kwetu, maturubai, viti mia, spika mbili kubwa na mixer yake.

Vifaa vinalala kwa mjumbe mmoja wa kamati kwa sababu yeye ndo ana uwanja na chumba cha ziada. Baada ya muda tukaanza kusikia maturubai yetu yameonekana msibani Mtoni, mara kichen pati Mbagala, mara maulidi sijui wapi. Ukimuuliza anakwambia ndugu yangu mnataka niwanyime majirani? Hela hatuioni. Bonanza la mwisho spika moja ikagoma kabisa kutoa sauti na hakuna anayejua iliungulia shughuli gani.

Hilo moja. La pili, kuna mdhamini katupa namba kumi za bure za kushiriki mbio za Kilimanjaro kule Moshi, zile za kilomita 21. Mwenyekiti anasema kamati tupo saba basi saba zibaki kwetu, tatu ziende kwa wanachama, hoja yake ni kwamba sisi ndo tunaoumia, tunapiga simu kwa vocha zetu, tunatia mafuta yetu, halafu hatulipwi hata mia. Na kweli hatulipwi. Nilivyopinga nikaambiwa najifanya malaika. Na msidhani haijaniuma, Moshi sijawahi kukimbia na moja ya hizo saba ilikuwa ya kwangu.

Sasa nauliza, kwenye chama cha kujifurahisha tu kama hiki, hakuna mshahara, hakuna mtu kalazimishwa kujiunga, mnawezaje kuwafanya watu watangulize chama badala ya tumbo? Katiba tunayo ila imeandikwa "viongozi wawe waadilifu" basi, imeishia hapo.

mzee_wa_kasi

Yaani watu mmeamka kukimbia tu mkaishia kuwa na mwenyekiti, mdhamini, stoo na fitna 😂😂 Mie nakimbia peke yangu barabarani, sidaiwi ada wala sipangiwi rangi ya jezi. Pole mkuu lakini.

katibu_kaptura

@mzee_wa_kasi sawa, ila siku ukifiwa utajua kwa nini watu hawatoki. Klabu ikija msibani inakuja na viti, maturubai, watu wa kuchimba na rambirambi mkononi. Ndo maana hii ishu inawachoma watu, siyo suala la kukimbia tu.

babu_wa_feri

Katibu mwanangu, usianze na ubaya wa mtu. Anza na kujiuliza huyo mjumbe anawapa nini. Chumba cha stoo hapo Temeke mkikipanga ni hela kila mwezi na miezi sita mbele. Viti mia vinakula nafasi, panya wanatafuna turubai, mvua ikinyesha usiku nyie mmelala yeye ndo anaamka kufunika spika. Mmempa mzigo wote huo bure halafu mnataka asijiguse hata kidogo. Mtu wa namna hiyo akianza kukodisha kimyakimya moyoni mwake haoni kama anaiba, anaona anajilipa, na ukimwita mwizi mbele ya watu umemaliza, hatorudisha na nusu ya wanachama watakuwa upande wake kwa sababu ndo aliyewapa viti kwenye misiba yao.

Klabu yetu huku Kigamboni ilipita humo humo. Tulichofanya tukasema ukodishaji ni wa klabu. Bei imeandikwa na kila mwanachama anaijua, hela inaingia kwenye namba ya klabu na siyo ya mtu, anayehifadhi anapata robo ya kila shughuli na ni haki yake hakuna wa kumnyooshea kidole. Msiba wa mwanachama bure, msiba wa jirani nusu bei, harusi bei kamili. Na kuna daftari, vimetoka viti vingapi, saa ngapi, vimerudi vingapi, nani kasaini. Kitu cha ajabu ni kwamba yule yule tuliyekuwa tunamlalamikia akageuka kuwa ndo anatutafutia wateja mpaka Kibada huko.

Hiyo ya namba sina maneno mengi. Kamati ikishajigawia saba kati ya kumi, msije kulalamika ada hailipwi.

risiti_mkononi

Mimi nauliza kitu kimoja tu, risiti ya yale maturubai na spika imeandikwa jina la nani? Msicheke. Mara nyingi anatumwa mtu Kariakoo na hela za mchango, risiti inatoka kwa jina lake, siku mkikorofishana anakuja nayo na kusema hivi ni vyangu niliwaazima.

Klabu imesajiliwa? Klabu za michezo zina msajili wake chini ya Baraza la Michezo la Taifa, sheria yenyewe ya mwaka 1967. Usajili unawafanya mfungue akaunti kwa jina la klabu na muweke watia saini zaidi ya mmoja, halafu mali inaandikwa ya klabu. Bila hivyo mnategemea urafiki, na urafiki ukiingia hela mnajua wenyewe.

Alafu angalizo, kuna klabu nazijua zimejisajili kama vikundi vya vijana halmashauri kwa ajili ya ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Hakuna ubaya. Ila ilivyosimamishwa 2023 mazoezini walibaki wachache sana, iliporudi 2024 watu wakafufuka na viatu vipya. Hao siyo wanachama wa joging, hao ni foleni ya mkopo imevaa jezi. Mkishajua nani kaja kwa ajili gani mtapunguza nusu ya hasira.

mpenzi_wa_udi

Assalaam aleykum. Sheikh katibu, mie nipo Unguja na si mtu wa kukimbia, mie ni mtu wa taarab, lakini haya mambo yenu ni yale yale yetu.

Nadi Ikhwan Safaa ipo tokea 1905, Culture Musical Club tokea 1958. Hizo klabu zimepita ufalme, mapinduzi, siasa za kila aina, na miaka mingi waliokuwa wakipiga pale ni watu wenye kazi zao, karani, fundi, mwalimu, jioni anakuja klabu na fidla. Hakuna aliyekuwa akipata utajiri. Kilichozibakisha kwa mtazamo wangu ni kuwa klabu ni kubwa kuliko mtu, anakufa mwimbaji mashuhuri na klabu ipo. Sisemi hawakugombana, waligombana sana tu, hizi klabu za taarab bila ugomvi zingekuwa hazina hata nyimbo za mafumbo.

Sie kikundi chetu kidogo mtaani ugomvi wetu ulikuwa tuzo. Mnajua taarab, mwimbaji akiimba watu wanaondoka vitini kwenda kumtunza, noti zinamiminika. Sasa zile ni za nani? Za mwimbaji aliyetunzwa, au za yule mpiga udi aliyekaa nyuma hata uso wake hauonekani? Waimbaji wakasema mtu katunza sauti yangu. Wapigaji wakasema haya, kaimbe bila ya sie tusikie. Ikakaa miezi watu hawasemezani. Tukakubaliana tuzo zote zinaingia kwenye kikapu mbele ya watu, zinahesabiwa usiku ule ule kabla mtu hajaenda kwao, mwimbaji anapata sehemu yake, zilobaki zinagaiwa na nyengine zinabaki za nyuzi na matengenezo. Hili la kuhesabu usiku ule ule ndilo kubwa. Hela ikilala kwa mtu usiku mmoja tu, asubuhi ina maelezo.

Na nyie wa Dar mnayo mifano yenu, Pan African si ilizaliwa na ugomvi wa ndani ya Yanga miaka ya sabini?

mama_wa_kona

Nimewasoma wote mpaka mwisho nikasubiri mmoja aseme, hamna. Basi ngoja niseme mimi.

Mnaongelea spika, turubai, namba za Moshi. Supu ya bonanza anapika nani? Klabu yetu (siyo Temeke, tupo Ubungo) kila bonanza sisi wanawake tunaamka saa nane usiku, tunaosha utumbo, tunachemsha, tunakata ndimu na pilipili, saa kumi na mbili wenzetu wanaingia na mchakamchaka wanaimba wametoka jasho, sisi tumetoka jasho la moshi. Hatukimbii siku hiyo. Na ada tunalipa sawasawa na wao. Ukilalamika unaambiwa dada yangu jitolee kwa ajili ya klabu, tusiwe wabinafsi.

Kwa hiyo mtu akinihubiria habari ya kutanguliza chama, kwanza namwangalia yeye siku ya bonanza anakuwa wapi. Mara nyingi ameshika kipaza sauti.

Tulivyogoma ndo ikapatikana akili. Sasa kuna zamu, watu kumi kila bonanza bila kujali mwanaume au mwanamke, na asiyetaka zamu anatoa hela ya kumlipa mama ntilie apike. Wanaume wengi wanalipa 😂 sawa tu, mama ntilie kapata riziki na mimi nimekimbia. Kaka katibu kwenye hicho kikao ukishaongea ya mjumbe wa stoo uliza na hili, utashangaa.

babu_wa_feri

@mama_wa_kona hapo umenishika pabaya mwanangu, sina la kujibu. Nitalipeleka kwetu.

mtembezi_254

Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Hii story ya katibu imenikumbusha grupu flani ya hiking nilikuwa, tulikuwa tunaenda Ngong, Longonot, mara Elephant Hill kama miguu inakubali. Admini alikuwa msee poa sana, anaorganize kila kitu, mat (matatu ya kutubeba), maji, mtu wa kutuongoza njia. Halafu siku moja mtu akauliza conda wa ile mat tunalipa ngapi kwani, ikatokea pale kwa kila kichwa kulikuwa na kakitu kameongezwa juu. Grupu ikawaka moto.

Lakini skiza, ukiuliza watu polepole hakuna mtu alikuwa na shida na yeye kupata pesa. Kazi alikuwa anafanya, na ni kazi mob. Shida ni venye alikuwa anatuita familia. Angesema tu jamani mimi hii ni biashara yangu ndogo, nawabeba Longonot kwa bei hii na hapo ndani kuna yangu, tungelipa na tushukuru. Familia haikuwekei faida kwa fare bila kukuambia.

Saa hii mimi ni wa Karura zaidi, nakimbia huko wikendi. Na hiyo msitu kama hujui, 1999 Wangari Maathai, yule mama wa kutetea mazingira, na wenzake walipigwa na magenge getini sababu walienda kupanda miti pale, ardhi ilikuwa inagawiwa madeveloper. Leo kuna chama cha Friends of Karura, watu wa kawaida wanalipa ada ya mwaka, wengine wanakuja na mbwa, wengine na baiskeli, wengine kama mimi na viatu vya kukimbia, na pesa na nguvu za watu kama hao zimesaidia fensi kusimama na kuweka maskauti kutoka mitaa ya hapo karibu. Sisemi wote ni watakatifu, mtu wa mbwa na mtu wa baiskeli wanachukiana vibaya sana 😅 lakini kila mtu anajua msitu ukienda hata yeye ameenda. Nafikiri hapo ndo kuna tofauti na viti vyenu. Viti vikipotea wengi wenu mtakimbia tu Jumamosi, so nani ana uchungu navyo?

katibu_kaptura

@mtembezi_254 swali zuri. Wenye uchungu navyo ni wale ambao wana wazee nyumbani, maana wanajua siku yao inakuja. Vijana wa mbio za kasi hawana habari kabisa, wao wanawaza Moshi.

mchumi_njaa

Niweke kidogo ya darasani msinipige. Kuna mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, 2009 alipata Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata kwenye fani hiyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia vitu vya pamoja, maji ya umwagiliaji, misitu ya vijiji, malisho ya milimani, samaki. Wengi waliamini kitu cha wote lazima kiliwe kiishe, ama serikali ikichukue ama auziwe mtu. Yeye akazunguka akaonyesha sehemu kibao ambako watu wa kawaida wamekitunza wenyewe kwa miaka mamia, na siyo kwa sababu ni watu wema kuliko sisi.

Walikuwa wanafanana mambo fulani. Inajulikana nani ni mwanachama na nani siyo. Anayetumia zaidi anachangia zaidi. Kanuni wamezitunga wenyewe wanaotumia, hazikuletwa kutoka juu. Anayechunga ni mmoja wao. Na adhabu inaanza ndogo, kosa la kwanza faini ya kuchekesha tu, la pili inapanda, kufukuzwa ni mwisho kabisa. Kule Valencia Hispania mpaka leo kuna baraza la wakulima wa maji, linakaa kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, mahakimu ni wakulima wenzao, kesi inasemwa kwa mdomo na hukumu inatoka hapo hapo. Hakuna wakili.

Klabu nyingi za kwetu zinafanya kinyume. Kosa la kwanza tunalinyamazia sababu ya kuoneana aibu, la pili tunalisema pembeni, la kumi tunamfukuza mtu kwa matusi kwenye gurupu la wasapu saa sita usiku.

babu_wa_feri

@mchumi_njaa nakubali kasoro hapo kwenye faini. Kwetu tuliweka faini ya kuchelewa mazoezi, matokeo yake wenye hela wakawa wanachelewa kwa raha zao wanalipa, wasio nazo wakawa hawaji kabisa wanaogopa deni. Tukaifuta. Sasa mchelewaji anabeba maji ya wenzie siku hiyo. Mwenyekiti wetu mwenyewe na kitambi chake kashabeba, watu walifurahi hiyo siku acha tu.

risiti_mkononi

Tumalizie ya namba za Moshi maana Jumamosi ni karibu. Ushauri wangu piga kura za karatasi, hadharani, jina la kila aliyemaliza ada linaingia kwenye ndoo, viongozi nao waingie kama wanachama wengine, siyo mafungu mawili. Mtoto mdogo achomoe. Na ziandikwe majina hapo hapo, mtu akishinda na hawezi kwenda anarudisha kwenye ndoo, haruhusiwi kuuza. Hili la kuuza mliseme wazi, zikaribiapo mbio namba inakuwa dili.

mzee_wa_kasi

Mimi nisiye na klabu naona wenye mbio wapewe. Unampa namba ya 21 mtu anayekuja kwa ajili ya supu, ataishia njiani abebwe. Si bora mkapeleka vijana wenye kasi jina la klabu lionekane?

mama_wa_kona

@mzee_wa_kasi hao wenye kasi ada zao vipi? Kwetu wanaokimbia sana ndo wanaodaiwa sana, wanajiona wao ndo klabu. Anayeweza 21 na kalipa aingie kwenye ndoo, anayeweza na hajalipa akalipe kwanza. Hiyo ya mtu wa supu kuishia njiani ni shauri lake na miguu yake.

katibu_kaptura

Asanteni sana jamani, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Nimeandika nitakachopeleka, vifaa viorodheshwe vyote na risiti ziletwe, ukodishaji uwe wa klabu na mwenye stoo apate asilimia yake, hapo nitapendekeza robo kama babu alivyosema ingawa najua kuna watakaopiga kelele kwamba ni nyingi. Namba ziende kwenye ndoo. Zamu ya supu ya dada wa Ubungo nayo ipo. Mwenyekiti nimeshamwonyesha pembeni kabla, kanuna, ila kwenye ukodishaji kakubali haraka sana mpaka nikashangaa, nadhani na yeye ilikuwa inamkera ila mjumbe wa stoo ni shemeji yake.

Spika iliyoungua sijaiweka. Nikiidai kikao kizima kitakuwa spika.

babu_wa_feri

Umefanya la maana hapo kwenye spika, itengenezeni kwa hela ya ukodishaji wa kwanza muendelee. Na kama ni shemeji yake basi mwenyekiti asiongoze hicho kipengele, makamu akae kiti kwa dakika hizo, yeye asikilize tu.

Jingine, kikao kifanyike kabla ya kukimbia. Mkikiweka baada, nusu ya watu watakuwa wanaangalia sufuria na watapitisha chochote ili wakale.

mama_wa_kona

Na safari hii sufuria aipike mwenyekiti 😂